Vitenge Visivyo na Vichwa

Mama yangu alijifunza kuswali kwenye mbao. Mbao kweli, za ukuta wa nyumba yetu pale Ngungu. Homa iliua masikio yake akiwa mtoto wa darasa la pili, huko milimani kwa wafugaji Wakatoliki waliomzaa, na tangu hapo hakusikia tena hata ng'ombe akilia ubavuni pake. Sisi tulisema naye kwa mikono. Papa, baba yangu, alipomuoa na kumsilimisha, ndugu zake Papa walicheka. "Huyu utamufundisha na nini? Adhana atasikia na pua?" Watu wa upande ule wana midomo. Mungu awasamehe, mimi bado.

Papa alikuwa mchoraji wa vibao vya maduka. Akachukua masalia ya rangi, nyekundu ya famasi, bluu ya saluni, akachora ukutani mwanamke anayeswali: amesimama, ameinama, amesujudu, ameketi. Mzee mmoja wa msikiti akapita, akasema kiumbe chenye uso hakichorwi mahali pa kuswalia. Basi Papa akabakiza nguo tu. Vitenge vilisimama vyenyewe na kuinama vyenyewe, havina vichwa. Juu yake akachora kidole kimoja kilichonyooka, maana imani yote inaanzia hapo: Mungu ni mmoja. Mwezi mwembamba na sahani tupu, hiyo Ramadani. Mkono unaomimina maharagwe katika mkono mwingine, hiyo zaka. Kaaba hakuwahi kuiona. Akaipaka nyeusi na kimlango kidogo, na Mama akauliza kwa mikono ni nani aliyefunga hii butiki.

Lakini Papa alisoma chuo cha Kurani, mkono wake ulianzia kulia kwenda kushoto. Mama alikuwa na yale madarasa mawili ya masista, jicho lake lilianzia kushoto. Wiki nzima akaswali kinyumenyume! Anatoa salamu kwanza, anaketi, anasujudu, na mwisho anasimama na kuinua mikono. Papa alipomkuta alishika kichwa, akakimbilia burashi akachora mshale. Mama hakucheka hata kidogo. Alitaka aambiwe zile swala za nyuma zimeenda wapi.

Papa akafa, vita vikatufikia, tukakimbia na Mama mpaka Hombo. Ukuta haubebwi kichwani. Baadaye tukasikia nyumba ilivunjwa na mbao zikapikiwa. Aliyezitia motoni nimemlaani sana, haikusaidia kitu.

Mwaka huu kichwa cha Mama kimeanza kuchoka. Alisahau sufuria inakaa wapi, kisha akasahau swala. Anachukua udhu vizuri, anatandika mkeka, anaelekea kibla, anafunga mikono kifuani, halafu basi. Hajui kinachofuata. Na swala ndicho kitu pekee anachokililia. Chakula kikichelewa haulizi, lakini jua likipinduka tu anavuta nguo yangu. Nikijaribu kumwambia kwa mikono, inama sasa, anafumba macho, maana mikono ndiyo maneno yetu na kwenye swala mtu haongei. Hilo halijamtoka! Nikimshika bega nimwinamishe, anadhani namsukuma, anakasirika.

Nilijaribu kuchora kwa makaa. Sikurithi mkono wa Papa. Mama aliitazama rukuu yangu kwa makini, akaweka vidole viwili kichwani: mbuzi?

Ikabidi mimi mwenyewe niwe picha. Nasimama mbele, yeye nyuma. Nikiinama anainama, nikisujudu anasujudu. Tangu alfajiri mpaka isha, kila siku. Adhuhuri inanikuta sokoni na mihogo yangu, naacha wateja, narudi mbio. Na kusema kweli, siswali tena, naonyesha tu. Katikati ya Fatiha nasikiliza kama magoti yake yamefika chini. Jambo hilo linanikera, na sina wa kumlalamikia.

Kisha siku zangu za mwezi zikafika. Siku hizo mwanamke haswali. Mama akasimama kwenye mkeka ananingoja, nami nikakaa. Akavuta nguo yangu, nikatikisa kichwa. Akavuta tena. Msikiti uko mbali kwa miguu yake, na kwenye mtaa wetu hakuna mwanamke mwingine Mwislamu. Jirani yangu, mama mmoja mfanyabiashara kutoka Butembo, Mkatoliki wa kila misa, akanihurumia. "Unionyeshe tu, nitafanya mahali pako. Mungu si iko ule mumoja?" Akasimama mbele, mnene, mwenye roho nzuri, na kabla hajainama mkono wake ukafanya alama ya msalaba wenyewe. Mama, nyuma yake, akaifanya pia. Paji, kifua, mabega, bila kukosea, kama watoto wanavyofundishwa na masista.

"Mama weee, nimeharibu!" jirani akasema, ameziba mdomo. Tulicheka sana. Kisha nikaingia ndani nikalia.

Nikaenda kwa shehe. Akasema mtu ambaye akili imemtoka haandikiwi dhambi, nimwache. Nimwache! Nikamuuliza kama naweza kufanya miendo tu, bila nia, bila neno, ili aone. Akatikisa kichwa. "Hapana, dada. Swala haiigizwi." Alikuwa na haki, najua, na nilirudi nyumbani nimejaa hasira.

Alasiri ile ile nikaivunja amri. Nilisimama mbele ya mkeka, nikasema moyoni, Ee Mungu, kama kuna dhambi iandike kwangu, yeye hana kosa. Nikafunga mikono. Nikainama.

Mkono ukanikamata nguo kwa nyuma. Mama alikuwa ametazama nje, kwenye kamba, penye vitambaa vyangu vya hedhi vilivyoanikwa. Akanigeuza. Akaweka kiganja chini ya kitovu, kisha akakipunga mbele ya uso wangu, hapana, hapana, ishara ile ile aliyonifundisha nilipovunja ungo, na hakuitafuta kichwani hata kidogo. Hakuwa na hasira. Alinishika mikono yote miwili, akaniketisha pembeni ya mkeka, akanifunika miguu na kitenge chake.

Akarudi mahali pake, akaelekea kibla, akafunga mikono kifuani. Jua likateremka nyuma ya msitu, wakati wa alasiri ukapita, na Mama alikuwa bado amesimama.