Kiti cha Mbele, Njia ya Sohar

Mtoto wa ami yangu alikaa mbele. Hilo ndilo lililonichoma mwaka ule mzima. Mimi nna sekondari yangu ya Unguja, yeye kaacha shule njiani, kanitangulia kufika Maskati miezi tu. Ami alikuwa na lori, linatoka Matrah kwenda Sohar na mchele, linarudi na ndimu kavu. Anayekaa mbele na dereva ndiye anayemnunulia ami ndimu. Mimi juu ya magunia.

Huko juu nikila vumbi huku namtazama kisogo. Ruwi, Khuwair, Sib, Barka, halafu tambarare mpaka macho yanachoka. Eti barabara. Dereva, mzee wa Kibalushi, akisema njia ile hakuna aliyeijenga: ngamia walikanyaga kwanza, malori yakafuata nyayo zao, na wadi, mto wa mvua, ikishuka inafuta yote, watu wanaanza upya. Maji ya bahari yakitoka tulipita pwani kabisa, mchanga mbichi ni mgumu. Hadithi hizo akimpa mwenzangu. Mimi nikidaka nusu, nusu inachukuliwa na upepo. Hata hizo nikamwonea kijicho.

Siku moja mwenzangu akashikwa na homa. Nikamwambia ami nipe mimi, kiti hicho nikikaa vizuri siondoki tena. Ami akanitazama, akasema haya.

Tukafika Saham, kabla ya Sohar, kwa wenye ndimu. Wakatutandikia mkeka, tende, kahawa. Mkubwa wao akaniuliza habari za Matrah, nami nikazitoa, kwa Kiarabu changu cha chuo cha Kurani, kama ninayejibu mtihani: meli iliyotia nanga, nani kafa, nani kaoa, na ndimu zilivyoadimika sokoni hata matajiri wanazililia. Wale wazee wakatazamana. Dereva akainamia kikombe chake.

Kahawa ilipokwisha tukaambiwa ndimu bado hazijakauka. Na hizo hapo zimeanikwa uani, nyeusi tii.

Njiani dereva ndiyo akanambia. Huku mgeni akiulizwa habari hujibu hakuna habari, salama tu. Akirudiwa, hujibu vile vile. Habari zenyewe huja baadaye, kwa anayestahiki, naye mnunuzi huzimeza kabisa, asije akajipandishia bei.

"Mwenzako namfunza safari ya kwanza," akasema. "Nkadhani kakwambia."

Hakunambia. Tumelala chumba kimoja usiku wa kuamkia safari, na hakunambia.

Tukarudi lori tupu. Ami hakugomba, aligeuza uso tu. Mtoto wa ami nilimkuta kakaa kitandani, homa imemtoka, anamenya chungwa.

"Habari za Sohar, yakhe?"

"Hakuna habari. Salama tu."

Akacheka mpaka akapaliwa na chungwa. "Kumbe unajua!"

Safari iliyofuata alikaa mbele. Nikapanda juu ya magunia, nikatazama kisogo chake mpaka Barka, na dereva akimsimulia jambo, na upepo ule ule.