Chemba Tuliyoambiwa Tuifukie

Kazi yangu ni kunyonyoa kuku. Tuko Kariakoo, kwenye uchochoro nyuma ya maduka ya vitenge, ambako wachinjaji wamepanga meza zao na kila meza ina pipa la maji ya moto. Kuku akishachinjwa anatumbukizwa humo, anatolewa, ananyonyolewa, na maji yakichafuka yanamwagwa mtaroni. Manyoya mengi tunayazoa kwenye viroba. Yanayobaki, pamoja na damu na mafuta ya utumbo, yanatuama mtaroni mpaka mvua inyeshe.

Mvua ikinyesha yanaondoka, na mtu wa Kariakoo anaona pamesafika. Mimi nilijua yanakokwenda, maana mama yangu mdogo, aliyenilea baada ya mama kufariki, anakaa Jangwani, kule chini. Maji ya bonde ameyazoea. Anapandisha godoro, anangoja yapungue, anafagia tope. Asichokiweza ni maji yetu sisi. Yana mafuta, yanaganda ukutani, na harufu haitoki hata usugue na sabuni ya unga. Msimu mmoja ngozi ilimchubuka kati ya vidole vya miguu, ikawa vidonda, na aliuguza vile vidonda muda mrefu. Nikienda kumtazama ananitania kwamba kila masika tunampelekea supu, ila nyama tunabaki nayo.

Kikundi chetu cha uchochoroni kinaongozwa na mchinjaji mmoja mzee ambaye sote tunamwita baba. Siku moja alirudi kutoka mkutano wa kata na habari kwamba serikali imetenga fedha kwa vikundi vinavyotaka kuzuia uchafu unaobebwa na maji ya mvua. Alishapata wazo. Mwisho wa uchochoro, pale mtaro unapoanza kuteremka, tujenge chemba kubwa yenye wavu ndani na mifuniko ya zege juu. Manyoya na mafuta yanase humo, tuyatoe wenyewe, na maji yaende chini yakiwa maji. Jioni ile nilipiga simu Jangwani, nikamwambia mama mdogo kwamba mwaka huu hatapata supu.

Sasa, wengi katika kikundi ni watu wa kusini, na wana desturi yao. Ukitaka wenzako wakusaidie kujenga, hukai mlangoni kuwasubiri. Unaanza. Unachimba msingi, unasogeza mawe, wanakuja wanakukuta unatoka jasho, ndipo nao wanavua mashati. Anayeomba kabla hajashika jembe anaonekana mvivu anayetaka kujengewa. Kwa hiyo tulipopeleka andiko la kuomba fedha hizo, na afisa wa mradi akasema atakuja kutuona, tulichimba. Wanaume walipiga sululu, sisi wanawake tukabeba udongo kwa ndoo za rangi. Kila meza ilileta matofali. Alipofika, pande mbili za chemba zilishasimama, na baba alikuwa ndani ya shimo, suruali imekunjwa magotini.

Afisa alikuwa kijana mpole. Aliwaamkia wazee shikamoo, akakubali soda, akachungulia shimo. Kisha akauliza nani alituruhusu kuanza.

Baba alidhani anasifiwa. Akacheka. "Tumejianzia wenyewe, mwanangu. Hatukutaka utukute tumekaa."

Kijana akafungua makaratasi yake, akatusomea taratibu kwamba mradi ambao kazi yake imeanza kabla ya kuidhinishwa haustahili kupewa fedha. "Kwa hiyo hamkidhi vigezo, baba."

"Tungekaa tu, je?" akauliza mwenzangu wa meza ya jirani.

"Mngekaa, mngekidhi."

Alitueleza sababu. Kuna watu wanamaliza kazi kwa fedha nyingine halafu wanakuja kudai za serikali, ndiyo maana kigezo kikawekwa. Nilimwelewa. Ila kilichoniuma, na kinaniuma hadi leo ninapoandika, ni kwamba aliyatamka hayo amesimama ukingoni mwa shimo letu. Aliona halijaisha. Aliona hatuna wavu wala mfuniko, na mtaro unapita pale pale na manyoya yake. Alikubali kwa mdomo wake kwamba kazi inahitajika. Kumbe jasho, ambalo kwetu ndilo linalomwonyesha mtu ana nia, kwake lilikuwa kosa. Na mimi sina mdomo mbele za watu. Nilikaa na ndoo yangu mkononi.

Kabla hajaondoka alimvuta baba pembeni akampa ushauri, na naamini kwa moyo wake alikuwa anatusaidia. Tutoe matofali, tufukie shimo, paonekane hapajaguswa. Kisha tulete andiko upya, na yeye atakuja kukagua. Tulibishana sana. Mwenzangu yule akasema kesho naye anaenda kuomba kazi kwenye meza nyingine, atasema hajawahi kumshika kuku. Tulicheka, lakini baba alituuliza kama kuna mwenye uwezo wa kununua zege la mifuniko, na hakuna aliyekuwa nao. Tukafukia, matofali tukayaacha humo humo chini. Udongo nilioutoa kwa ndoo niliurudisha kwa ndoo ile ile, nikaukanyaga kwa miguu yangu mpaka ukalala sawasawa.

Tukaanza kungoja ukaguzi. Baba akipiga simu anaambiwa faili halijafika. Akipiga tena, afisa yuko semina. Mama mdogo aliponiuliza chemba imefikia wapi, nilimjibu kwamba bado kidogo, nikaacha kwenda kumsalimia. Mawingu yalikuwa yameshaanza kukusanyika, na sisi tunalinda uwanja mtupu usiguswe.

Mvua ilinyesha mchana kutwa. Kesho yake asubuhi mama mdogo alipanda Kariakoo kwa miguu, kandambili mkononi, na ndoo kichwani iliyofunikwa kipande cha kanga. Akamsalimia baba, akauliza meza yangu ni ipi. Akaifunua ndoo, akaimwaga juu ya meza. Manyoya yaliyoshikana na mafuta, matope, na kichwa kimoja cha kuku.

"Nimewarudishia mali yenu," akasema. Kisha akatazama mwisho wa uchochoro. "Na hiyo chemba iko wapi?"

"Tumeifukia, dada," akasema baba, "ili tusaidiwe kuichimba."

Nadhani hata yeye hakuwa ameyasikia vizuri maneno hayo mpaka yalipomtoka. Mimi nilitazama miguu ya mama mdogo, nikaona pale kati ya vidole pameanza tena kuwa pekundu. Nikachukua chepeo lililoegemezwa ukutani, nikaenda nikachimba. Sikumwomba mtu ruhusa, wala sikuangalia nani ananifuata. Baada ya muda nikasikia sululu nyuma yangu.

Tulikuwa tumeshayafikia matofali afisa alipopiga simu. Faili limepita, anakuja kesho kukagua, anataka tu kuhakikisha kwamba mahali bado hapajaguswa. Baba aliifuta simu tope kwenye shati ili amsikie vizuri.

"Pameguswa, mwanangu," akamjibu. "Tumeshaanza."

Chemba ipo. Haina mifuniko ya zege. Tumeifunika mbao za makasha, na mwenye mkokoteni gurudumu lake likizama anatutukana sote mpaka wazazi wetu. Wavu ni vipande vya wavu wa banda la kuku. Unaziba upesi, na anayeingia kuuzibua mara nyingi ni mimi. Mvua kubwa inatushinda, maji yanaruka juu na kwenda zao. Mama mdogo bado anapandisha godoro, ila anasema manyoya yamepungua, na vidonda vimefunga. Siku hizi nikipita mitaa mingine naitazama mitaro yao, imejaa hadi mdomoni na hakuna aliyeigusa, nami najua kwamba hiyo yote inakidhi vigezo.