Siku Paka Alipolewa Moshi Chumbani Mwangu

Siku hiyo paka wetu aliingia chumbani mwangu akiwa mzima, na baada ya muda akawa anatembea kama mlevi.

Akagonga mguu wa kitanda. Akaanguka ubavu, akabaki anatoa macho tu.

Nami nilikuwa juu ya kitanda hicho, mimba ya miezi saba, kichwa kinapasuka.

Niwaeleze vizuri. Naitwa Mbeyu. Mimi na mume wangu Huzaifa tunakaa ghorofani karibu na barabara ya Ndia Kuu, pamoja na mamake, Bi Mahira. Huyo ndiye mavyaa yangu, na ananipenda kama aliyenizaa.

Balaa lilianzia kliniki, mtaa wa Ganjoni. Nesi alitueleza kwamba moshi anaouvuta mama huweza kumdhuru mtoto tumboni, na watafiti wanauhusisha na watoto wanaochelewa kusema na kushika masomo. Alipotaja magari, masikio yangu yakaziba hapo hapo, mengine sikuyasikia. Chini ya dirisha langu tuktuk na pikipiki hazikomi.

Nikarudi nyumbani. Nikafunga madirisha yote, nikaziba nyufa kwa vitambaa. Huzaifa akanitania kwamba nimejifungia kama halua mkebeni. Sikucheka. Nilikuwa namwona mwanangu shuleni, kaukodolea ubao macho, haelewi kitu.

Usingizi ukapotea. Chakula hakipiti. Mavyaa akaniangalia, akasema hii si mimba tu, nimepatwa na kijicho, labda na pepo. Kila alasiri akawa ananiletea chetezo chenye makaa mekundu, anatia udi na ubani, anafunga mlango nifukizwe sawasawa.

Nami nikavuta kwa raha zangu. Moshi wa magari ulikuwa sumu, huu ulikuwa dawa. Ndivyo nilivyojiambia.

Mpaka paka alipoanguka.

Mavyaa alipomwona, uso ukamng'aa.

"Alhamdulillahi. Alokuwa akikusumbua ametoka, amempanda paka. Vuta, mwanangu, amalize kutoka."

Akaongeza makaa.

Nilitaka kumjibu, ulimi ukawa mzito. Nikajishika tumbo. Mtoto hachezi. Sijapata kuogopa vile maishani. Nikajikokota hadi dirishani, nikang'oa vile vitambaa, nikalisukuma.

Moshi wa tuktuk ukanipiga usoni. Nikauvuta kama mwenye kiu aliyepewa maji. Nyuma yangu paka akaanza kuinua kichwa.

Hospitalini daktari aliniwekea oksijeni, akasema makaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyonuka, na mtoto tumboni naye humfikia. Moyo wa mtoto ulikuwa unapiga. Mavyaa alikaa pembeni, machozi yanamtoka.

"Na akili yake, daktari?" nikauliza.

"Hilo siwezi kukwambia leo. Tutamwangalia akikua."

Alizaliwa msichana. Kila anayekuja kumtazama humsifu, "Mashaallah, mtoto mtulivu huyu." Mimi nikilisikia neno hilo, huukumbuka ule moshi.

Wewe mwenye mimba unayesoma hapa, moshi wa barabarani ukimbie, lakini na jiko la makaa na chetezo vitoe nje, chumba kipate hewa. Moshi haujui kwamba aliyeuwasha anakupenda.

Juzi Huzaifa aliangusha sufuria jikoni. Mtoto akashtuka, akageuza kichwa kutafuta kishindo kilikotoka, akaangua kilio. Mavyaa akakimbia kumchukua.

Nikamshika mavyaa mkono.

"Mwache kidogo, mama. Nataka nimsikie."