Siku Niliyomnyima Mkono Baba Mkwe

Jamani, mnaniona nimetulia hivi, lakini mimi niliwahi kumfokea baba mkwe wangu mtarajiwa mbele ya wodi nzima huku nimekaa ndani ya karai, na hata leo nikikumbuka natamani ardhi ipasuke.

Enzi za Mwingereza nilikuwa dresa hospitali moja huku Lushoto, kazi yangu kuosha vidonda vya walioungua, ila kwa kina mchumba wangu kule Irente nilijigamba kwamba mimi ni mtu wa sindano tu (ujana huo!). Sasa mlangoni alilala mgonjwa mmoja ambaye usaha wake ulishaishinda penisilini, na Bwana Mganga alituonya: ukimhudumia huyo usimguse mtu kabla hujanawa kwa sabuni na dawa, maana akiambukizwa mwingine hatuna cha kumwokolea. Na kitanda cha mwisho alilala Eliza, mjukuu wa baba mkwe huyohuyo, aliyemwagikiwa uji wa moto kifuani, kidonda ndiyo kwanza kinaanza kukauka.

Nimetoka tu kumfungua bandeji yule wa mlangoni, mikono inanata, baba mkwe kaingia na koti lake la kanisani.

"Shikamoo baba!"

"Marahaba mwanangu," na mkono kanyoosha.

Ningesema tu mikono yangu ina usaha yangeisha, lakini uongo wangu ningeuweka wapi? Nikaificha mgongoni nikarudi nyuma, naye akanifuata na mkono wake, nikarudi tena, akanifuata tena, mpaka nikaangukia karai la bandeji chafu, pwaa!

"Unaninyima mkono? Mimi?" Akageuka kwa hasira, akajikwaa, akashika shuka la yule mgonjwa wa mlangoni ili asianguke, shuka lililolowa usaha, kisha akaenda moja kwa moja kwa Eliza. "Mjukuu wangu, twende nyumbani." Mkono uleule ukashuka kuelekea kifuani kwa mtoto, na mimi nimekwama karaini!

"Usimguse! Mzee, usimguse! Mkono wako una usaha, na wangu una usaha, kazi yangu ni kuosha usaha!"

Mkono ukasimama hewani. Mzee akautazama mkono wake, akatoka bila kuaga. Nikajua posa imekufa.

Eliza alipopona, mzee akaja kumchukua. Akasimama mlangoni, akaomba sabuni, akanawa mpaka viwikoni.

"Haya, dresa. Leo nipe mkono."

Nikaitazama mikono yangu. "Baba, ina usaha. Nisubiri ninawe."

Akasubiri.

Tangu hapo salamu yangu ya kazini ikawa moja, "Shikamoo, mikono michafu," na mke wangu (ndiyo, yuleyule) hunicheka kila nikiitoa kanisani.