Pale Baridi Inapolala

Majirani wa Amondi karibu na Kapkatet walidhani amechanganyikiwa. Mtu mzima, muuza omena anayeheshimika sokoni, jioni anazunguka shambani akiweka mabakuli ya maji: moja bondeni kando ya kijito, moja katikati ya majani chai, lingine juu nyuma ya zizi. Alfajiri anayarudia, akitumbukiza kidole.

"Mama Dorine, unanywesha malaika?" Sally, jirani yake, alimtania Amondi kwa jina la mwanawe, toka ng'ambo ya ua.

"Cheka tu. Natafuta mahali baridi inalala."

Chanzo chote kilikuwa mgomba. Ziwa lilipofurika na kumeza boma la mama yake, Dorcus, kule chini, mama huyo aliokoa vitu viwili: begi lake, na chipukizi la mgomba aliouachiwa na marehemu mama yake. Akaja kukaa kwa bintiye, lakini begi hakulipangua. Nguo anatoa moja, ikifuliwa anairudisha, zipu anafunga.

"Huu mgomba ukikubali huku, na mimi nitakubali," alisema. "Ukikataa mnirudishe kwetu."

Kwetu gani, jamani? Kulikuwa kumebaki matete na viboko! Lakini Amondi alimjua mama yake. Akisema anaenda, anaenda.

Basi wakaupanda vile watu wa ziwani wanavyopanda, karibu na maji, hata hawakujadiliana. Bondeni pale ukanawiri mvua nzima. Januari anga ikawa nyeupe, baridi ikashuka, na asubuhi moja majani yote yalikuwa meusi, yamelegea kama sukuma wiki iliyosahauliwa jikoni. Dorcus aliutazama, akaingia ndani, akatoka amevaa viatu.

"Umekufa. Naenda lini?"

Amondi aliumia, tena sana. Akamwomba angoje walau Jumapili ipite. Lakini kuna kitu kilimkera: mbona maboga yaliyojiotea nyuma ya zizi hayakuguswa hata jani? Baridi si ni moja? Ndipo akatoa mabakuli kabatini.

Jumamosi alfajiri bakuli la kijitoni lilikuwa limefunikwa na ngozi ya barafu. La majani chai lilikuwa na barafu ukingoni tu. La nyuma ya zizi, maji matupu. Amondi akapiga makofi peke yake. Kumbe baridi inateremka mlimani kama maji, ikifika chini inatulia!

"Aki, sisi ndio tuliupeleka kwa kitanda cha baridi," alimwambia Sally.

"Si ungeniuliza? Huko chini sisi hata viazi hatupandi."

"Ungenicheka."

"Ningekucheka, halafu ningekuambia."

Sasa swali likawa moja: mgomba una uhai bado? Akamwita mama yake, akachukua panga, akaukata chini kabisa. Nje ulikuwa kahawia, umeoza. Katikati, mweupe, mbichi, unatoa maji.

Amondi akainua jembe aung'oe akaupande juu, lakini Dorcus akamshika mkono. "Ngoja, nyathina, mwanangu. Kaa uone."

Wakachuchumaa wote watatu, Sally naye akiwamo. Jua likapanda, hakuna aliyetaka kuondoka. Polepole moyo ule mweupe ukaanza kuchomoza katikati ya kisiki, ukiinuka mbele ya macho yao, mpaka ukapita mkato kwa unene wa kidole.

"Yawa!" Amondi akapiga kelele. "Unatembea!"

Wakauchimba na udongo wake, wakaubeba hadi nyuma ya zizi, ambako joto la ng'ombe hupenya kwenye mbao, wakaushindilia mbolea na nyasi kavu. Amondi akaenda kutafuta gunia la kuufunika usiku usije ukaungua na baridi tena.

Aliporudi, mama yake alikuwa ametangulia. Alikuwa amepiga magoti, anakizungushia kisiki blanketi jekundu, zito, lile lililokaa juu kabisa ndani ya begi.

"Mama, si hiyo ni ya safari?"

"Safari gani?" Dorcus alisema. "Shika hapa nifunge."