Baba Ikawa Dada

Niliondoka Sosiot asubuhi moja bila mpango, kikapu mkononi na koti la mvua begani. Nilijiambia nakwenda kunyoosha miguu tu. Kogo alikuwa zizini akikamua. Hakuinua kichwa. Kogo ni nyanya kwa Kikipsigis, na mimi, mtu wa Kisii niliyekuja kwake kumsaidia kuchuma chai, nilimwita hivyo kwa sababu mjukuu wake alimwita hivyo.

Mjukuu huyo alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, darasa la sita, na kusoma kulimshinda. Mjinga hakuwa. Jumapili tukitoka kanisani alirudia mahubiri yote, pamoja na kikohozi cha mchungaji. Siku moja aliniambia nitie mkono katikati ya gunia la majani tuliyochuma. Kulikuwa na joto kama la kwapa.

"Bado yanapumua, anti," akasema. "Sasa kule kiwandani yanakufa saa ngapi?"

Mimi niliacha shule darasa la saba kwa kuchoka kukaa mahali pamoja, lakini maswali hayajawahi kuniacha. Hilo nilimpelekea karani wa mizani ya chai. Nikamuuliza dereva wa lori la majani pia. Hawakujua.

"Huyo si ndiye hushika mkia darasani?" karani akacheka.

Ndiye. Muhula huo waliambiwa waandike insha kuhusu mzazi. Baba yake alikuwa amekufa mwaka uliotangulia, naye akajaza ukurasa mzima. Mwalimu aliurudisha na maneno mekundu chini: Pole kwa kumpoteza dada yako. Hakuwa na dada. Kila alipotaka kuandika b, mkono uliigeuza ikawa d. Wenzake walisikia, wakacheka, na tangu siku hiyo walimwita Dada.

Nilikwenda shuleni. Mwalimu alikuwa kijana mpole, amechoka, akanipa kiti chake.

"Hiyo ni kushrabu tu, lafudhi ya nyumbani," alisema. "Hapa sisi wote b na p zinatupiga chenga. Mimi mwenyewe nafundisha Kiswahili na watoto wangu wananiita papa."

Tulicheka wote wawili, maana ni kweli. Nilikuwa nimefika langoni niliposimama. Wenzake husema papa, kisha wanaandika baba. Yeye husema baba, safi kuliko mwalimu, kisha anaandika dada. Shida yake haikuwa mdomoni hata kidogo. Kwa miaka sita watu waliitazama wakadhani ni lafudhi yao wenyewe.

Nilirudi kumwambia mwalimu. Akajikuna kichwa kwa kalamu. "Unaweza kuwa umesema kweli, mama," akasema. "Lakini mtihani ni mwisho wa mwaka, na darasa langu limejaa mpaka mlangoni."

Huyo mwalimu ndiye aliyenielekeza kwenye ofisi moja mjini Kericho wanakopima watoto wenye shida ya kujifunza. Mtoto akipimwa na kuthibitishwa, siku ya mtihani husomewa maswali. Nilifika huko nikiwa na daftari lake. Karani wa hapo aliliangalia, akasikiliza habari za gunia, akavuta fomu.

"Sasa huyu ni wa kipaji ama ni wa ulemavu?"

"Yote mawili."

"Fomu inataka moja, mama."

"Nimkate katikati?"

"Usinikasirikie mimi. Fomu imetoka juu."

Nikatia alama kwenye ulemavu wa kujifunza, kwa sababu msaada ulikuwa upande huo. Alinipa karatasi ndogo yenye muhuri: Alhamisi, saa tatu asubuhi, aje na mtu mzima. Akanionya nisiipoteze, kwamba bila hiyo karatasi mtoto hataonwa.

Jumatatu alasiri nikamweleza Kogo. Alikuwa akichambua maharagwe, na hakuacha kuchambua mpaka nilipomaliza.

"Ulemavu," akasema polepole. "Kwa hii nyumba?"

"Ni neno la fomu tu, Kogo."

"Wewe ni mtu wa kupita. Hilo neno halipiti. Utaenda zako, na mimi nitabaki kanisani naulizwa ni nani alilaani huyu mtoto." Alitupa haragwe bovu uani, kuku wakalikimbilia. "Lakini nimesikia. Nimeona vile anarudi analia. Nitakubali, kama utakaa. Umpeleke wewe, na watu wakija kuuliza wakukute hapa unajibu. Usiniachie hiyo shida kama kiatu kimoja cha mgeni."

Msichana alikuwa mlangoni, ndoo mkononi.

"Alhamisi, anti?"

"Alhamisi."

Asubuhi iliyofuata ndiyo niliyoondoka. Hakuna aliyenifukuza, wala sikugombana na mtu. Nimetafuta sababu nzuri zaidi tangu siku ile na sijaipata. Neno kukaa ndilo lililonitoa.

Lori la mchanga lilinibeba mpaka Bomet. Kutoka hapo nilipanda pikipiki, kisha nikatembea. Mashamba ya chai yaliisha, yakaja mahindi, halafu vichaka na ng'ombe na vumbi. Saa tisa nilikuwa Sigor, mahali ambapo sikumjua hata mtu mmoja, na moyo ukawa mwepesi. Hilo pia ni la kweli, kwa hiyo naliandika.

Nyuma ya posho mill, kinu cha kusagia unga, kulikuwa na vyumba vya mabati vya kupanga. Mama mwenye vyumba alitoka na unga kwenye nyusi.

"Unatafuta bwana ama nyumba?"

"Nyumba."

"Afadhali. Bwana ninaye mmoja tu na simalizi kumlisha."

Akanifungulia chumba cha mwisho. Kitanda, dirisha la mbao, msumari ukutani. Nikatundika koti la mvua na kitu kikachakarika mfukoni. Niliitoa ile karatasi, muhuri juu yake, Alhamisi, saa tatu. Ilikuwa Jumanne na jua lilikuwa bado juu. Nje, pikipiki zilikuwa zimepangwa kando ya barabara, na kijana mmoja alikuwa akiita abiria wa Bomet. Nilikuwa na Jumatano nzima mbele yangu.

Yule mama mwenye vyumba alisimama mlangoni akipangusa unga.

"Ni usiku mmoja, ama unakaa?"

Nikaikunja karatasi mara mbili, nikairudisha mfukoni.

"Nakaa," nikamwambia.