Niliyoyapata kwa Ekseli ya Toroli

Tanganyika nzima, sidhani kama yupo mjinga kunizidi. Jumamosi sisi wachimba almasi wa Songwa tulikuwa tukishindana kunyanyua ekseli ya toroli. Rafiki yangu Masanja akanionya: “Chuchumaa, mgongo wima, ndipo uinuke. Utavunjika wewe!”

Nichuchumae kama mwanamke anayeamkia wakwe, mbele ya Nyamizi, mjane muuza maziwa ninayemuota kila nikifumba macho? Nikainama miguu imenyooka, nikavuta. Mgongo ukalia ka! Nikaganda nimepinda, naona vumbi tu.

Mara miguu ya Nyamizi ikasimama mbele yangu. Tangu masika naingoja sauti yake! Nikajikakamua nimwambie, “Shika mkono wangu.”

“Shika mko...” Pumzi ikaniishia.

Akanigusa kichwa kwa upole. “Marahaba, mwanangu.”